Bolti Iliyofungwa na Ndugu Watatu

Ubaya wa kutouamini mkono wa ndugu yako hauonekani siku ya kwanza. Nyumbani kwetu Arua uliishi miaka mingi chini ya gari la marehemu baba, mahali ambapo hakuna aliyeinama kuutazama, kisha ukajitokeza asubuhi ya harusi ya mdogo wetu wa mwisho, mbele ya mgeni, mandazi yakiwa yanaelea karaini na mashangazi wamekwisha kujifunga vitenge vipya.

Baba alikuwa na mabinti kadhaa, na mimi ndiye mzaliwa wake wa kwanza. Kila mmoja wetu aliondoka kwenda kuolewa ndani ya gari lile, baba mwenyewe akiwa kwenye usukani amevaa koti lake la Jumapili, akienda polepole ili watu waone, akipiga honi ndefu katika kila kituo cha biashara. Alifariki kabla ya zamu ya kitindamimba. Basi kijana wa Koboko alipokuja kuposa na familia mbili zikakubaliana, binti huyu ambaye hajawahi kudai kitu kikubwa alidai kimoja.

"Mimi nitaenda na gari ya baba," alisema. "Kama iko mbovu, nitaenda na miguu."

Jirani yetu alitutolea gari jipya lenye viti vya ngozi. Hakulitazama mara mbili. Sote tulimwelewa. Wengine tulipelekwa na baba. Yeye hakubakiwa na kitu cha kumpeleka isipokuwa lile gari kuukuu, jeupe zamani, ambalo sasa lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyokaa.

Ndugu zangu watatu wa kiume walilitunza gari hilo kwa upendo. Sifa hiyo sitawanyima. Lakini walilitunza kama watu watatu wenye mlango mmoja, kila mmoja akiamka usiku kuhakikisha kwamba mwenzake ameufunga kweli. Chini ya injini kuna bakuli la oili ambalo mafundi huliita sampu, na chini ya sampu kuna bolti moja tu ya kumwagia oili iliyochoka. Mkubwa wao alipobadilisha oili, aliifunga. Wa kati alipita baadaye na spana yake, akaguna, "Huyu anafunga kama mutu anafunga chupa ya maji," akaikaza tena. Wa tatu, mwenye kifua cha kubeba magunia ya saruji, hakuwaamini wote wawili. Yeye alichomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana ili urefu umwongezee nguvu, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Wakawa wanafanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Bolti haikulalamika. Ndani ya tundu, yale meno membamba yanayoshikana na meno ya bolti yalikuwa yakiliwa kimyakimya. Nguvu iliyopita kiasi huharibu sawasawa na ulegevu, ila ulegevu hulaumiwa, na nguvu hupigiwa makofi.

Asubuhi ile mkubwa wao alikuwa ameweka oili mpya. Wa kati alikwisha kupita. Nilikuwa natoka na beseni la maji ya bibi harusi nilipomwona wa tatu ametambaa chini ya gari na bomba lake. Bega lake lilisukuma, likasukuma tena, kisha likaruka mbele ghafla kama la mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Spana ikaanza kuzunguka yenyewe, nyepesi, bila kushika kitu.

"Imekubali!" alisema kwa furaha.

"Imekubali nini?" shangazi yetu aliuliza kutoka kwenye sigiri yake ya mandazi. "Ebu angalia chini. Gari inakojoa!"

Oili mpya, yenye rangi ya asali, ilikuwa inadondoka juu ya mchanga uliofagiliwa alfajiri. Wote watatu walikusanyika, nami najua sauti zao wanapotafuta mkosaji, kwa sababu ndizo sauti walizokuwa nazo utotoni.

"Ni wewe na hiyo bomba yako!"

"Mimi? Nilikuta iko legelege!"

"Legelege? Mimi nilifunga mpaka mkono ikaniuma!"

"Mkono yako ni ya kupiga kengele ya kanisa, si ya kufunga gari."

"Munyamaze," shangazi aliwaambia. "Gari imeona bibi arusi amependeza, imeogopa. Ninyi mupeane lawama, yeye akuwe mjane kabla ya ndoa."

Wa kati akashauri tuzibe kwa sabuni ya kipande, kama watu wanavyoziba tangi la petroli njiani. Mkubwa akamjibu kwamba oili ya moto ingeitapika sabuni kabla hatujaimaliza Arua. Nikaagiza beseni liwekwe chini ya tundu na kipande cha kitambaa safi juu yake, ili oili isiingie mchanga. Wao wakafanya hivyo, kisha kwa aibu wakatundika kitenge kwenye bampa ili mgeni asione.

Mgeni alikuwa sebuleni. Alikuwa kaka mkubwa wa bwana harusi, aliyetumwa kutoka Koboko, kama tulivyopatana, aongoze msafara wetu. Tangu afike, watoto walikuwa wakimwita shemeji, nami niliwakataza kila mara. Maneno ya undugu yana mlango wake, na mlango wa siku ile ulikuwa kanisani Koboko, baada ya viapo. Kabla ya hapo mtu ni mgeni: anapewa kiti, chai na heshima, na hatumwi hata kusogeza kigoda. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, nami sijaona sababu ya kulelewa upya.

Akatokea mlangoni na kikombe chake mkononi, katika suti ya buluu iliyomkaa vizuri.

"Mama," aliniita, "kule chini ya kitenge mutu anazungusha bolti yenye imeisha meno. Mimi nasikia tu. Hiyo sauti naijua kama sauti ya mke yangu."

"Kunywa chai, mgeni wetu," nilimjibu. "Wenyewe watatengeneza."

"Watatengeneza lini? Mama yangu iko anasimama kwa barabara Koboko tangu asubuhi, na ngoma. Bibi arusi akichelewa, ni mimi ataua, si ninyi."

Ndugu zangu walitazama chini. Nilijua wanachofikiri, maana nilikuwa nakifikiri pia: mgeni hawezi kulala mchangani nyumbani kwa bibi harusi. Lakini dirishani nilimwona mdogo wangu, nywele zimekwisha kusukwa, ameshika viatu vyake vyeupe kwa mkono mmoja. Alikuwa anavitazama vile viatu kama mtu anayepima kama vitafaa kwa mwendo mrefu. Hapo nikaona wazi kwamba heshima inayomzuia mtu mwema kukusaidia ni kiburi kilichovaa nguo ya Jumapili.

"Mletee mkeka," nilimwambia mkubwa wao. "Na mpokee koti."

Shangazi akapiga kigelegele papo hapo, ingawa hakukuwa bado na jambo la kupigiwa kigelegele, na nyumba nzima ikachangamka. Mgeni akajifunga kitenge kuukuu cha shangazi kiunoni, akaleta sanduku la chuma kutoka kwenye pikapu yake. Yeye huendesha lori la mizigo hadi ng'ambo ya mpaka, Sudan Kusini, kwenye njia ambazo kifaa kikikatika hakuna wa kumwuliza. Hakuwa mtu wa kuficha sifa zake.

"Mimi nimefunga lori kwa matope, na mvua, na nyoka iko ananitazama," alitangaza akiteleza chini ya gari. "Hii? Hii ni chai ya pili."

Aliichomoa bolti, oili iliyobaki ikamiminika besenini, kisha akamulika tundu kwa simu, akalipapasa kwa kidole. Meno ya zamani yalikuwa yameisha, alisema, hayarudi. Lakini chuma kilichozunguka tundu kilikuwa bado kinene, kwa hiyo kingeweza kuchongwa meno mapya, mapana kidogo, na kupewa bolti nene zaidi. Akachagua bolti katika kopo lake, akaipima dhidi ya ile ya zamani, akatoa chuma cha kuchongea meno kilicholingana nayo. Akakijaza grisi katika mifereji yake ili unga wa chuma unase humo, usidondokee ndani ya injini. Kisha akaanza. Alikizungusha mbele kidogo, akakirudisha nyuma, akakizungusha mbele tena, bila kukilazimisha. Alipokitoa na kukifuta, grisi ilikuwa imejaa vipande vinavyometa kama magamba ya samaki wadogo. Wote tulikuwa tumechuchumaa sasa. Katika umri wangu, na nguo yangu ya harusi, nilikuwa nimechuchumaa mchangani, na moyo ulinidunda kama ninatazama mtoto anazaliwa.

"Nani iko na moto?" aliuliza.

"Moto ni wangu," alisema shangazi. "Unataka kukaanga nini?"

Alitaka kulainisha pete ya shaba, ile inayokaa kati ya bolti na sampu ili oili isivuje. Ilikuwa imekuwa ngumu kwa kubanwa miaka yote hiyo. Akaiweka kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu.

"Ninyi watu wa Koboko! Munachoma chuma pamoja na mandazi yangu!"

"Mama, hii ndiyo itaiva kwanza."

Akaitumbukiza majini, ikatoa sauti ya mvuke, na watoto wakashangilia. Akamwaga oili kidogo kupitia juu ya injini ioshe tundu, akairuhusu itoke na mabaki ya unga, akarudia mpaka ikatoka safi. Ndipo akaiingiza bolti mpya kwa vidole peke yake. Iliingia! Ilipanda laini, mzunguko baada ya mzunguko, bila spana, mpaka ikagusa pete. Akachukua spana, akaishika karibu na kichwa badala ya mwisho wa mpini, akavuta mara moja, kwa ufupi.

"Basi," alisema.

"Basi?" ndugu zangu waliuliza kwa pamoja. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana asubuhi ile.

"Basi."

"Hiyo tu? Hata mtoto anaweza kufungua!" Wa tatu alikwisha kunyoosha mkono kulitafuta bomba lake. "Ngoja niongeze kidogo."

Mgeni hakubishana. Alitoka chini ya gari, akaiweka spana mchangani katikati yao watatu, akajifuta mikono kwa kitenge.

"Mutu mwenye anataka kufunga, afunge," alisema. "Lakini meno yakiisha tena, yeye atabeba bibi arusi kwa mgongo mpaka Koboko. Mimi narudi kwa chai yangu."

Akaenda zake. Hakugeuka hata kuangalia.

Spana ikabaki pale. Nimesoma habari nyingi za watu waliowekwa mbele ya majaribu makubwa, lakini sijawahi kuona wanaume wazima wakiteswa hivyo na kipande cha chuma. Wa kati alikohoa. Mkubwa alijikuna shingo. Wa tatu alikuwa ameinama nusu. Nilifungua kinywa niwakanye, kwa kuwa kukanya ni kazi yangu katika ukoo huu, lakini nilichelewa. Bibi harusi alikuwa ameshuka barazani bila viatu. Alipita katikati ya kaka zake, akaiokota spana, akaizungushia leso, akaitia katika mkoba wake mdogo mweupe.

"Hii inaenda na mimi," alisema. "Itakuwa ya jikoni yangu."

Shangazi alicheka mpaka akaketi. Oili ikarudishwa kwenye injini, gari likawashwa, kipande cha katoni kikasukumwa chini. Tulikitazama wakati injini inapata moto. Katoni ikabaki kavu. Ohoo, vigelegele vya hapo vilisikika mpaka barabara kuu!

Tukaondoka. Mgeni alitangulia na pikapu, mkubwa wa ndugu zangu akashika usukani wa baba, na honi ikalia katika kila kituo cha biashara, ndefu, kama zamani. Waendesha boda walituitikia, wanawake walioanika muhogo kando ya lami wakatupungia. Mdogo wangu alikaa nyuma karibu nami, mkoba juu ya mapaja, akicheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Kabla ya kufika nusu ya njia mkubwa alisimamisha gari, akadai kwamba ana haja ndogo. Wadogo zake wawili waliokuwa katika gari la nyuma nao wakashikwa na haja hiyo hiyo. Wote watatu wakaishia wameinama chini ya injini, makalio juu, katika suti zao.

"Spana iko kwa mimi!" bibi harusi aliwapigia kelele kupitia dirishani.

Walirudi wakijipangusa magoti. Palikuwa pakavu. Hawakusimama tena.

Koboko tulipokelewa kwa ngoma mbali kabla ya kanisa. Mama wa bwana harusi, mwembamba, mwenye sauti ya kuita kutoka shamba hadi shamba, alisimama mbele ya gari kama desturi inavyotaka, akanyoosha mkono ili tusipite kabla ya kujibu.

"Nani amemuleta huyu mtoto?"

Jibu la swali hilo ni haki ya kaka mkubwa wa bibi harusi, naye anapaswa kusema, "Sisi, ndugu zake." Walikuwa wamejizoeza kulisema tangu juzi, wote watatu kwa sauti moja. Mkubwa wao alishuka, akalitazama gari, akawatazama wadogo zake, nao wakaitikia kwa vichwa. Viapo vilikuwa bado, mlango wa kanisa ulikuwa mbali mbele yetu, na mimi, ambaye sijawahi kuliacha neno lipite kabla ya saa yake, nilimwacha ndugu yangu amwoneshe kwa kidole yule mtu wa suti ya buluu yenye mchanga kwenye pindo za suruali, na kusema:

"Shemeji."