Jeti za Mombasa katika Hewa ya Nairobi

Gari la kasi halijulikani kwa rangi. Nilisema hivyo nikiwa na miaka kumi na tisa, na bado nasema. Siku hizo, kila mashindano ya magari ya Pasaka yalipokwisha, Westlands, pale Nairobi, ilijaa vijana waliopaka boneti rangi nyeusi na kufunga taa nne mbele, kana kwamba taa ndizo zinazosukuma gari. Wengine walikata springi ili gari likae chini, halafu wakaenda nalo barabara ya udongo wakapasua tangi la petroli.

Mimi nilipenda magari ya milango minne. Gari linalompeleka mama yangu kanisani Jumapili na gunia la viazi kwenye buti, kisha Jumatatu likalipita kilimani gari la milango miwili lenye kelele, hilo ndilo gari. Breki kwanza, springi pili, nguvu mwisho. Asiyekubali na abishane na mawe ya barabarani.

Lakini maneno hayo niliyasema kimoyomoyo. Nilimaliza darasa la saba kwetu Waithaka, nikapata kazi katika gereji moja ya Westlands, na wenzangu waliniita bubu. Fundi mkuu alitoka magharibi mwa Kenya, lakini kazi alijifunza Mombasa. Alikuwa na daftari lililolowa grisi, ambamo aliandika ukubwa wa jeti, vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu linalopitisha petroli kwenye kabureta, inapochanganyika na hewa. Mteja akitaka nguvu, fundi alifungua daftari na kuweka jeti kubwa.

Daftari hilo liliandikwa pwani. Nairobi iko juu, hewa yake ni nyepesi, na petroli isiyopata hewa ya kutosha haiungui vizuri. Sikulisoma hilo popote. Nililiona kwenye stovu ya mama ya mafuta ya taa: ukipandisha tambi kupita kiasi, moto unakuwa wa manjano, sufuria inakuwa nyeusi na chai haichemki. Plagi za magari ya fundi zilikuwa nyeusi kama sufuria hiyo.

Siku moja bwana mmoja wa Spring Valley, mwenye kazi ya ofisi mjini, alirudisha gari lake la Kijerumani. Lilikuwa la milango minne, lina kabureta mbili, na injini yake imelazwa kidogo upande ili boneti iwe chini. Sijaona gari lililofikiriwa vizuri kuliko hilo. Wiki iliyotangulia fundi alikuwa ameliwekea jeti kubwa. Sasa lilitoa moshi mweusi.

“Fundi, linakohoa,” bwana yule alisema. “Kwenye kilima cha kwangu hata lori la mchanga linanipita.”

“Injini ngeni hiyo, bwana, itazoea. Niachie mpaka kesho, nitaongeza jeti kidogo.”

“Zipunguzwe,” nikasema.

Wote waligeuka. Mwenzangu mmoja akapiga sufuria ya mafuta kwa spana. “Bubu ameongea! Nani analeta soda?”

Fundi hakucheka. “Nilikuwa nafungua kabureta Mombasa wewe ukinyonya. Haya, mwalimu, zipunguze. Kesho tunapanda kilima. Gari likishindwa, unavua ovaroli unarudi Waithaka kukama ng'ombe wa mama yako.”

Waithaka injini niliyoijua ilikuwa ya mashine ya kusaga mahindi. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Ningeweza kuomba radhi. Sikuomba. Nilitoa jeti za daftari, nikaweka ndogo kuliko hata zile gari lilizokuja nazo, nikasafisha plagi zote.

Asubuhi tulienda watu watatu: mwenye gari kwenye usukani, fundi kando yake, mimi nyuma. Chini ya kilima mwenye gari aliingiza gia ya tatu akaiacha hapo. Siku zilizopita gari lilikuwa linaishiwa pumzi kwenye ua wa miiba, nusu ya njia. Safari hii tuliupita ua, na sauti ya injini ikawa nyembamba na safi, na mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti. Kabla ya kufika juu mwenye gari aliingiza gia ya nne, akicheka peke yake.

“Umeona, bwana?” fundi alisema. “Nilikwambia litazoea.”

“Kweli, fundi. Mkono wako ni dawa.”

Kazi yangu ilikuwa imepona. Ningeweza kunyamaza tu, kama siku zote. Nilitoa mfukoni kiberiti kitupu nilimotia zile jeti kubwa, nikanyoosha mkono katikati ya viti, nikamwekea mwenye gari kiganjani.

“Hizi ndizo zilizokuwa zikilikohoza. Nimezitoa mimi.”

Mwenye gari alizitia mfukoni mwa shati, akaturudisha Westlands.

Fundi hakuweza kunifukuza, maana alitoa sharti lake mbele ya watu wote. Alinipeleka nyuma ya gereji kusugua vyuma vyenye grisi kwa dizeli, na nikakaa huko miezi miwili bila kugusa injini. Alasiri moja alikuja akasimama, akatazama vidole vyangu vilivyopasuka.

“Sasa umefaidi nini, mwalimu?”

Niliendelea kusugua.

“Lilipanda,” nikamwambia. “Kwa gia ya tatu.”