Hina ya Kutoka Eda

Rovu langu lilianza zamani, tangu uzazi wa mwisho, na halikuwa na neno na mtu. Nilikuwa nalifunika kwa mtandio, likakaa upande wa kulia wa shingo kama mgeni mpole. Mwaka aliofariki mume wangu ndipo lilipoanza kusukuma kwa ndani. Nikiinama kufua, macho yanataka kutoka. Nikilala chali, koo linafungwa kama mpira wa maji uliokunjwa. Na mlio! Pumzi yangu ilikuwa inalia kama msumeno kwenye ubao mbichi, mpaka majirani pale Koboko walijua nimeamka kabla sijafungua mlango.

Hospitalini Arua walikuwa wamekwisha kuniona, wakasema njoo tukate. Kabla siku haijafika, mume wangu akafa, nikaingia eda.

Sisi Wanubi mjane anakaa ndani ya nyumba ya mumewe mpaka siku zake ziishe. Hatoki, hajipambi, hajipaki hina. Sheikhe alisema ugonjwa una ruhusa yake, niende zangu hospitali. Wifi yangu, dada wa marehemu, akamjibu akiwa nyuma ya pazia, "Sheikhe anajua dini. Midomo ya mtaa huu haijui." Basi nikabaki.

Chumba kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo lilijaa vichwa vya wanawake waliokuja kutoa pole. Nilimjua kila mmoja kwa jina lake, la mama yake na la nyumba aliyoolewa. Siyaandiki hapa, ingawa hakuna hata moja lililonitoka. Wengi wako hai na watanigombeza. Walikaa mkekani bega kwa bega, wakachoma udi kwa heshima, nami kitandani nimeegemea mito, nautazama ule moshi unavyonijia. Utamwambiaje mtu azime udi wa marehemu? Nilitabasamu, nikavuta nilichopata.

Nilikuwa nalala nimekaa. Usingizi ukinishika, kichwa kinaanguka mbele, rovu linabana, nashtuka natafuta hewa kwa mikono kana kwamba hewa ni kitu cha kushika. Nilimfikiria mume wangu kaburini na nikamwonea wivu, Mungu anisamehe. Yeye alikuwa amelazwa.

Eda ilipokwisha, wanawake walinitoa, wakaniogesha, wakanivika nguo mpya. Kisha wifi akaja na bakuli. Kwetu hina ya kutoka eda haipakwi kwa kubahatisha. Inakwenda miguuni, viganjani, na kila ncha ya kidole inachovywa mpaka pingili ya kwanza, ili watu wakuone mbali wajue huyu amefunguliwa. Wifi huchanganya na unga mweusi wa kupaka nywele, iwe nyeusi tititi.

"Wifi," nikamwambia, "mimi naenda kukatwa, si kuolewa."

"Ndiyo maana," akasema. "Wale wa Arua wakikuona mikono mitupu, watasema mke wa kaka yangu hana watu."

Tukaenda Arua naye. Jioni ya kwanza wodini alikuja daktari wa usingizi, binti wa Kilugbara, kwao Dadamu, ana sauti ya chini kama mtu anayembembeleza ng'ombe. Alinifungulisha kinywa, akatikisa meno yangu moja moja, akasikiliza shingo.

"Mama, ukilala chali inakuwa namna gani?"

"Nakufa."

Hakucheka. Akaniambia kwamba wagonjwa wengine anawalaza usingizi kwanza, halafu ndiyo anapitisha mpira wa hewa kooni. Mimi hapana. Nikilala usingizi koo likiwa hivi, linaweza kujifunga, na yeye asipate njia. "Wewe utakaa macho. Mpira utapita ukiwa unaniona. Iko vibaya, sikudanganyi. Lakini iko salama." Kisha akanishika mikono, akaigeuza huku na huku. "Hina maridadi! Nani alipaka?" Wifi akajivuta shuka vizuri kwa fahari. Sote watatu tuliitazama ile hina, tukaisifu, na hakuna aliyewaza lolote.

Asubuhi wakaniingiza tieta, chumba cha kukatia. Nilikaa juu ya kitanda chembamba, miguu inaning'inia, taa kubwa usoni. Daktari wa usingizi akachukua kibanio chenye mwanga mwekundu, cha kupimia hewa iliyomo kwenye damu, akanibana kidole. Mashine ikalia mlio mmoja mrefu. Akahamisha kidole cha pili. Ikalia. Akaenda mkono wa kushoto, akashuka miguuni, kidole gumba, kidole cha mwisho. Ililia vilevile.

Akanyanyua mkono wangu kwenye taa. Akaukwaruza ukucha mmoja kwa kidole chake.

"Nini?" akauliza daktari wa kisu, mwanamume mrefu, tayari amevaa glavu.

"Hina. Mwanga haupiti. Mashine haioni damu yake."

"Mutu anapumua, mimi namuona. Tuanze."

"Sasa anapumua. Nikimwekea dawa kooni, hewa ikipungua, nitajuaje? Hata midomo ikiwa bluu tutakuwa tumechelewa. Na hii koo hainipi nafasi ya kuchelewa."

"Basi arudi nyumbani mpaka kucha ziote, hina itoke."

Niliposikia neno nyumbani, nikashika ukingo wa kitanda. Nilikiona kile chumba, lile dirisha, ile mito. Kucha za mzee zinaota kwa muda gani? Nilitaka kusema nikateni hivyo hivyo, kama ni kufa nife, lakini maneno yanahitaji hewa na sikuwa na ya kugawa. Kwenda mbele siwezi, kurudi siwezi. Nilikuwa nimekaa pale na mikono yangu mizuri, nimefunguliwa eda, nimefungwa upya kwa rangi ileile.

Daktari wa usingizi akafungua mlango, akamwita wifi. Wakamvalisha kofia na viatu vya mpira.

"Mama, hii inatoka na nini?"

"Haitoki," akasema wifi kwa kiburi. Kisha akaniona uso wangu, na sauti yake ikashuka. "Wembe. Leteni wembe."

Akapiga magoti, akaanza kukwangua ukucha wa kidole changu cha shahada, anapuliza unga, anakwangua tena. Ukucha ukapata doa jeupe, lakini ngozi iliyouzunguka ilikuwa nyeusi bado. Walipobana, mashine ilitoa namba, ikaipoteza, ikatoa nyingine.

"Siwezi kwenda na jicho linalokonyeza," akasema daktari wa usingizi. Akanizunguka, akanitazama kama fundi anayetafuta nyumba inavujia wapi. Akanishika sikio. "Haya mapete yanatoka?"

Hayajawahi kutoka. Hata kwenye eda yaliachwa, yakafunikwa kitambaa. Ni dhahabu nene, niliyovalishwa nikiwa mwali, na nyama imeota imeyakumbatia.

"Sabuni," akasema wifi. "Wifi, usinitukane."

"Siku nitakayopata pumzi," nikamwambia, neno kwa neno, "nitakutukana... yote kwa pamoja."

Akazungusha, akavuta. Niliona nyota. Pete moja ikatoka. Wakaleta kibanio kidogo, cha watoto wachanga, wakakikaza sikioni kwa plasta. Mashine ikanyamaza. Halafu ikaanza, tik, tik, tik, kama kuku anayedonoa. Daktari wa kisu akaegemea ukuta, akasema polepole, "Haya. Imekuona." Wifi wakamtoa nje akiwa ameshika pete ile kwenye ngumi.

Siku hizi, mwanamke wa kwetu akitoka eda akiwa mgonjwa, mimi nasimama mlangoni nawaambia, acheni vidole viwili, kimoja kila mkono. Wengine wanasema nimeleta bidaa. Waseme.

Mpira ulipita hivi. Alinipulizia kooni dawa chungu, ulimi ukawa wa mtu mwingine. Akaingiza chuma kama kijiko chenye taa. "Usipigane na mimi, Mama. Pumua tu kwangu." Kukohoa siwezi, kumeza siwezi, kuomba kwa sauti siwezi. Mwili wote unataka kukimbia na mimi ndiye mlinzi wa kuuzuia. Nikaanza kupita mtaa wetu wa Koboko nyumba kwa nyumba, kila mwanamke kwa jina, aliye hai na aliyekufa, kwa mpangilio wa milango. Nilipofika nyumba ya kona, kitu kikasukuma pale pembamba kabisa, giza likaja kwa pembeni, na ile tik, tik ikabadilika sauti, ikawa nzito, ya chini.

"Inashuka," mtu akasema.

"Naona. Mama, pumua. Moja tu."

Nikavuta. Hewa ikaingia. Haikuingia kwa kulia wala kwa kukwaruza. Iliingia yote, baridi, mpaka chini ambako nilikuwa nimesahau kwamba ni kwangu. "Nibane kidole kama inapita," akasema. Nilimbana mpaka akaguna. Ndipo akanipa usingizi.

Nilipoamka rovu halikuwepo, lakini mpira bado ulikuwemo, na mikono imefungwa kitandani kwa bandeji laini ili nisiung'oe. Yule binti, daktari wa usingizi, akanielezea: koo lililoegemewa miaka mingi linaweza kuporomoka mzigo ukiondoka, kwa hiyo tungoje kwanza tuone kama litasimama lenyewe. Nikangoja. Sauti sina, mikono sina. Wifi alikaa kando, ananisemea na kujijibu mwenyewe. "Una kiu? Ndiyo ana kiu. Unaumwa? Anaumwa huyu, hasemi." Sikuwahi kufungwa hivyo, hata ndani ya eda, maana kule nilikuwa na macho ya kumnyamazisha. Sasa hata macho hakuyasoma sawa. Nikimkodolea, anaongeza blanketi.

Mwisho binti akarudi, akasikiliza pembeni mwa mpira kama hewa inavuja kuuzunguka, akaridhika. "Kohoa, Mama." Akavuta. Nilidhani nyumba nzima inatoka kinywani. Kisha wote wakasimama wananitazama shingo, kama itashika au itaanguka. Mimi pia nilikuwa natazama, kwa ndani. Ikashika.

"Sema kitu," akasema binti.

Nikasema jina langu. Lilitoka kwa sauti nene, yenye mikwaruzo, ya mzee mwanamume aliyevuta tumbaku maisha yote.

Wifi akaruka kutoka kwenye kiti. "Wallahi, kaka yangu amerudi!"

Binti akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. "Mama, tafadhali, usimchekeshe. Nyuzi zitakatika."

"Kaka," wifi akaendelea, akiniinamia, machozi yanamtiririka, "huko ulikokwenda wanakula vizuri?"

Nikabana kidonda kwa mkono mmoja uliokwisha kufunguliwa, nikaifunga midomo, nikakataa kucheka, nikipumua kwa pua, polepole.