Baga kwa Mkwe Nisiyemwona

Baba mkwe wangu alikaa kwetu Mbeya karibu msimu mzima wa baridi, na katika muda wote huo sikuwahi kumwona uso. Naye hakuniona. Hatukuwa tumegombana. Kwa akina mume wangu, watu wa Rungwe, mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawakai chumba kimoja, hawasalimiani hata kwa simu, na mkamwana halitaji jina la mkwe wake maisha yake yote. Familia nyingi za mjini zimeshaacha mambo hayo. Mzee hakuacha, na mume wangu hakuwa na ubavu wa kumwambia aache.

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Kwetu baba mkwe unampigia goti, unamwambia kamwene, anaitikia, yanaisha. Kukimbiana ndani ya nyumba ndogo nilikuwa sijawahi kuona. Mzee alikuja kutibiwa macho, tukampa chumba cha mbele. Yeye alitumia mlango wa mbele, mimi wa nyuma. Choo kiko uani, kwa hiyo alipotaka kupita alikohoa kwanza, nami nikaingia jikoni na kufunga mlango mpaka nisikie ndala zake zikirudi. Nilimjua kwa kikohozi na ndala. Sauti yake niliisikia kupitia ukutani tu, ya chini, maneno yakitoka nusunusu, na mimi niliamini kwamba ananong'ona makusudi ili nisisikie.

Ningeweza kuishi hivyo, lakini kulikuwa na mtoto. Mwanangu wa kwanza, wa kiume, alikuwa ameshaanza kukaa kwa kuegemezwa mito, na hakuwa na jina. Katika ukoo wa mume wangu mjukuu wa kwanza hupewa jina na babu yake, baada ya babu kula chakula kilichopikwa na mama wa mtoto. Anakula, anashiba, anatamka. Kliniki walikuwa wameandika kwenye kadi "mtoto wa" halafu jina langu. Mtaani kwetu kila mwanamke ni mama fulani, mimi nilikuwa Mama Mtoto. Mzee alipofika na mkungu wa ndizi na kiroba cha mananasi, nilijua hakuja kwa ajili ya macho peke yake. Nikapika, nikasubiri. Macho yakatibiwa, jina hapana.

Hapo ndipo nilipoanza kuchunguza sahani.

Sikuwa nimepika ovyo. Nilipika wali wa Ubaruku, kuku wa kienyeji, nyama ya kukaanga, maharage ya nazi. Mume wangu alibeba chakula mpaka chumba cha mbele, akala huko na baba yake, na sahani zikarudi tupu. Mwanamke mwingine angefurahi. Mimi nilikaa na ile mifupa. Mume wangu hutafuna mfupa wa kuku mpaka uishe, anabakiza unga na vipande viwili vitatu vya kutemewa pembeni. Sahani yake ilirudi hivyo. Ya baba yake nayo ilirudi hivyohivyo, vipande vimetemewa upande uleule wa kushoto. Nikamtazama mume wangu vizuri, nikaona shati limeanza kumbana tumboni.

Halafu kulikuwa na moshi. Kila jioni mzee aliwasha jiko dogo la mkaa barazani na kuchoma ndizi za mkungu wake. Harufu ilizunguka nyumba nzima ikanifuata mpaka jikoni. Mtu aliyetoka kumaliza sahani ya wali na paja la kuku, anachoma ndizi za nini?

"Baba anakula?" nilimuuliza mume wangu.

"Anakula."

"Kuku wa jana alikula?"

"Mama Mtoto nawe. Si sahani umeziona mwenyewe?"

Alisema hivyo bila kunitazama, akaanza kutafuta funguo ambazo zilikuwa mkononi mwake.

Mimi si mtu wa kuachia jambo hapo. Kesho yake nilitenga bakuli la mchuzi la mzee na kulitilia pilipili kichaa za kutosha. Nilijiambia kwamba kama ni mzee anayekula, nitamsikia akikohoa, na nitaomba radhi kupitia mtoto wake. Nilisimama jikoni nikitega sikio. Kikohozi hakikuja. Aliyetoka ni mume wangu, macho mekundu, jasho puani, akanyanyua jagi la maji na kunywa bila kutafuta kikombe. Nikamuuliza ana nini. Akasema vumbi.

Basi, nikajua mzee hali chakula changu. Ikabaki kujua kwa nini, na hilo halikunichukua muda, kwa sababu mimi ni Mhehe na nchi nzima inajua tunavyotaniwa. Eti tunakula mbwa. Nimetaniwa tangu shule. Mtaani mbwa wa mtu akipotea, mimi ndiye wa kwanza kuulizwa. Huwa nacheka na kurudishia, kwani ni utani na sisi pia tuna ya kwao. Siku ya sherehe ya kuniaga, shangazi wa mume wangu alishika kipaza sauti akasema mbwa wao wote wamefungwa kamba mpaka bibi harusi aizoee nyumba. Ukumbi ulicheka, na mimi nilicheka. Mzee alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye kona, ili tusionane. Sasa, miaka miwili baadaye, nikiwa nimeshika sufuria, nilianza kujiuliza kama na yeye alicheka.

Ukishaanza kushuku, kila kitu kinakuletea ushahidi. Mbwa wa jirani, yule mwekundu anayelala getini kwetu, alikuwa hajaonekana siku kadhaa. Nikamsikia mzee dirishani akimuuliza mume wangu, kwa ile sauti yake ya nusunusu: "Ati, yule mbwa wa hawa watu siku hizi yuko wapi?" Mtu mwingine angesikia swali. Mimi nilisikia hukumu. Niliumia kuliko nilivyotaka kukubali. Mzee anayewaza hivyo kuhusu sufuria yangu hatatamka jina juu ya mtoto aliyetoka tumboni mwangu. Atapona macho, atapanda basi arudi Rungwe, na mwanangu ataendelea kuwa mtoto wa fulani.

Nililia kidogo, kisha nikapandwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonipa wazo la baga. Kabla ya kuolewa nilifanya kazi jikoni, katika hoteli moja Iringa wanayolala watalii wa kwenda Ruaha. Huko nilijifunza kutengeneza baga ya nyama na nanasi la kuchoma, ambayo Wazungu waliimaliza na kulamba vidole. Nyama ya kusaga ndiyo nyama isiyojieleza. Kuku ana paja, samaki ana mwiba, lakini nyama ya kusaga ina neno la mpishi tu. Nikasema kama ananishuku, acha nimpe kitu cha kushuku. Akikataa, akatae waziwazi, nijue moja.

Lakini sikutaka kumpa sababu ya bure. Nilimtuma mume wangu bucha, nikamwambia achague kipande mwenyewe, asimame pale mpaka kipite kwenye mashine, na asikiweke chini popote.

"Kwani mimi mkaguzi?"

"Leo ndiyo."

Akaenda akinung'unika, akarudi na nyama. Nikaikandia kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na chumvi. Pilipili kichaa sikuigusa. Nikafanya madonge, nikayabonyeza yakawa bapa, mapana kuliko skonzi kidogo, maana nyama ya namna hiyo husinyaa motoni. Nilitandika kanga uani nikamkalisha mtoto na mito yake, nikawasha jiko, nikaweka wavu.

Nanasi lilikuwa la kiroba cha mzee, maana kila kikiisha, pamoja na mkungu, aliletewa vingine kutoka Rungwe. Nililikata vipande vya mviringo, nikakipaka kila kimoja ndimu na sukari kidogo, nikavipanga juu ya wavu. Kipande cha nanasi hakitaki kusumbuliwa. Unakiacha mpaka kishike mistari myeusi na maji yake yaanze kuchuruzika kwenye mkaa, ndipo unageuza. Kisha nilifanya jambo nililokusudia tangu mwanzo: nilichukua ndizi mbivu kutoka kwenye mkungu wake, nikazipasua katikati kwa urefu, nikazichoma mpaka zikawa laini na kahawia pembeni. Nilitaka nione atakavyokataa ndizi zake mwenyewe. Mtoto alitazama moto akipiga mikono. Nikampa ncha ya ndizi iliyopoa, akaibana kwa ufizi na kuinyonya mpaka ikalegea.

Nilichoma nyama, nikapasha skonzi, nikapanga: nyama, ndizi, nanasi, kachumbari kidogo. Nikaweka kwenye sahani nzuri, nikafunika kwa kitambaa, nikampa mume wangu. Halafu nilifanya kisichofanywa na mkamwana. Nilitoka jikoni nikasimama kwenye ukumbi mwembamba, upande wa pili wa pazia la chumba cha mbele, nimeligeuzia mgongo.

"Nini hiki?" mzee aliuliza.

"Nyama ya kusaga, baba. Nimeiona ikisagwa."

"Na hiki cha juu?"

"Nanasi. Na ndizi zako."

Nilisubiri kusikia mtu akitafuna, sikusikia kitu. Nilisubiri tena. Hakuna. Nikarudi jikoni nikaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi, na moyoni nilikuwa namsema mzee maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Mume wangu akaja na sahani, imefunikwa kitambaa kilekile. Akaiweka mezani, akasimama tu.

"Imerudi," nikasema.

"Fungua."

Ndani kulikuwa na nusu ya baga. Nusu nyingine ilikuwa imeliwa, na nilipoinama kutazama pale ilipoliwa, hasira iliniishia mikononi. Hotelini nimekusanya baga nyingi zilizoachwa katikati. Meno huacha ukingo, yanakata mkate, yanakata nyama, nanasi linabaki limekatika. Hapa hapakuwa na jino hata moja. Skonzi ilikuwa imebanwa na kuvutwa. Nyama ilikuwa imemomonyoka yenyewe. Nanasi lilikuwa limenyonywa, nyuzi zake zikining'inia, na ndizi imelegea kwa namna niliyoiona muda mfupi uliopita kwenye kanga ya mtoto.

"Baba hana meno?"

Mume wangu akakaa kwenye kigoda. "Hana. Ya mbele yote yameisha. Ya nyuma yamebaki machache, na hayakutani."

"Tangu lini?"

"Toka zamani. Kabla hujaja kwetu."

"Na kuku wangu?"

"Nilikula mimi."

"Na nyama? Na ule mchuzi?"

"Ule mchuzi," alisema, akajishika tumbo, "Mungu ndiye anajua."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, wakati ningeweza kupika laini, ningeweza kuponda, ningeweza kufanya chochote. Akasema mzee alimkataza. Mkwe hatumi neno la kukosoa chakula cha mkamwana, na kuomba uji wakati ameletewa kuku ni kukosoa. Alimwambia, kula wewe, sahani irudi tupu, asijisikie vibaya. Na jina je? Jina hakuweza kulitoa, kwa sababu alikuwa hajala, na kwa jambo la mtoto hakutaka kudanganya. Kila siku alisubiri chakula anachokiweza.

"Na mbwa?" nikauliza.

"Mbwa gani?"

"Aliulizia mbwa wa jirani. Nilisikia."

"Alitaka tumpe ile mifupa. Mimi nilikuwa nashindwa, nimenenepa, hata wewe umeona."

Nilicheka, kisha nikalia, nikajifuta kwa upande wa kanga. Kwa muda wote ule nilijenga kesi nzima dhidi ya mtu ambaye nilijua kikohozi chake na ndala zake tu. Kitu cha kwanza nilichowahi kuona cha baba mkwe wangu ni alama ya mdomo wake kwenye skonzi.

"Mbona hakumaliza sasa?" nikasema. "Hii nusu ya nini?"

"Hiyo si yako. Amesema ndaga fijo, asante sana, amekula, ameshiba. Nusu ni ya mwenzake asiye na meno."

Akaelekeza kidole kwa mtoto.

"Na jina?"

"Ametoa lake."

Jina lake mwenyewe, lile nisiloruhusiwa kulitamka mpaka naingia kaburini. Nilimpakata mtoto, nikakamua lile nanasi kidogo kwenye kidole, nikamlambisha. Akakunja uso, akatikisa kichwa, halafu akafungua tena mdomo. Kutoka chumba cha mbele kikasikika kikohozi, lakini ndala hazikusogea.

"Anauliza kama mwenzake amekula," mume wangu akasema.

"Mwambie anakula."

Jina liko kwenye kadi ya kliniki sasa. Mume wangu ndiye aliyemtajia nesi, mimi nikiwa nimesimama pembeni nimefunga mdomo. Mzee alirudi Rungwe baada ya kula baga nyingine kadhaa, zote nilizitengeneza laini, na bado hatujaonana. Nyumbani mtoto namwita Mwenzake. Na watu wakiniuliza mimi ni mama nani, nasema Mama Mwenzake.