Mawe Mawili kwenye Njia ya Kabambare

Hakuna aliyeifunga njia ya misafara kati ya Kasongo na Kabambare. Baada ya vita vya Wazungu na Waarabu, mali yote ilianza kuteremshwa kwa mitumbwi kwenye mto Lualaba, na hapakuwa tena na sababu ya kupandisha mizigo milimani kuelekea Ujiji. Mwaka wa kwanza majani yalifika magotini. Mwaka wa pili yalifika kiunoni. Nilikuwa nalima mpunga Kasongo, mahali njia inapoanzia, na sikwenda kuitazama, ingawa nilikuwa na sababu zaidi kuliko watu wengi.

Ndipo akaja Mzungu mmoja mwenye sanduku la kupigia picha, lenye miguu mitatu, akauliza ni nani anayeikumbuka njia ya zamani. Alitaka kuipiga picha kabla msitu haujaimeza yote. Nilijitokeza kabla hajamaliza kuuliza. Watu walidhani nimependa ujira wake.

Zamani, katika misafara ya tajiri mmoja wa Kasongo, kazi yangu ilikuwa kujenga kambi. Nilitangulia na watu wangu, tukafyeka, tukachomeka vijiti, tukazungushia boma, na msafara ulipofika jioni ulikuta vibanda tayari. Nilikuwa mtu wa utaratibu. Kila kambi yangu ilikuwa duara, mlango wake ukielekea tulikotoka, na vijiti vyote nilivikata kwenye mti wa aina moja, ule ambao gome lake hutwangwa likawa nguo. Mti huo ni mwepesi kukata, na mchwa hawaupendi. Ubaya wake ni kwamba haukubali kufa. Ukichomeka kijiti chake ardhini mvua ikanyesha, kinashika mizizi.

Misafara hiyo ilibeba pembe, na ilibeba watu waliofungwa shingoni. Naliandika hili hapa mapema ili asije mtu akadhani nimelisahau. Nilijenga vibanda vya wenye bunduki. Waliofungwa walilala nje, ndani ya boma lile lile.

Safari moja nilikwenda Ujiji na mke wangu. Mama yake hakutaka. Alisema, "Mwache hapa. Njia ile haina shukrani." Nikamwahidi kwamba nitamrudisha. Tulipokuwa tunarudi, siku mbili baada ya kuondoka Kabambare, homa ilimkamata, na katika kambi ya mlimani akafariki alfajiri. Wanawake wa msafara walinisaidia kumwosha. Tulimvika sanda ya merikani, tukamlaza kuelekea kibla, tukamfukia. Kulikuwa na mawe mtoni, chini ya mteremko, mwendo wa kwenda na kurudi usiozidi kuchemsha sufuria ya wali. Lakini ngoma ya kuondoka ilikuwa imekwisha kupigwa, na mkuu wa msafara alikuwa akiniita nitangulie kujenga kambi inayofuata. Nilichukua kijiti kimoja kilichobaki, nikakichomeka upande wa kichwa. Nilijiambia kwamba kitashika, na mti ulio hai ni alama bora kuliko jiwe. Nikaondoka.

Nilipofika Kasongo mama yake aliniuliza jambo moja tu. "Umemuwekea mawe?"

"Nimemwekea, mama. La kichwani na la miguuni."

Hakuuliza tena. Miaka ikapita, vita vikaja vikaondoka, na kila Idi aliniletea mkeka aliousuka mwenyewe, kama mtu anayemlipa mwingine kwa kazi nzuri.

Aliposikia kwamba naondoka na Mzungu, aliniita kwake. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hapokezani naye kitu mkono kwa mkono, kwa hiyo nilikaa kwenye kizingiti nikiwa nimeelekea uani, naye akabaki ndani na ukili wa mkeka aliokuwa akisuka.

"Hiyo sanduku inaweza kupata sura ya mawe?" aliuliza.

"Inaweza, mama."

"Sura ya watu mimi siitaki, iko na dhambi. Lakini mawe haina roho. Miguu yangu haiwezi tena ile milima. Uniletee mawe ya mutoto wangu niione."

Nikasema, "Inshallah."

Tulikwenda watu sita. Wa kukumbukwa ni mmoja, Mbangubangu wa vijiji vya karibu na Kabambare, mpagazi wa misafara yetu ya zamani, aliyebeba pembe hadi bega lake moja likawa chini ya jingine. Safari hii alipewa kreti ya vioo ambavyo picha hunasa juu yake.

"Miaka kumi nilibeba pembe," alisema, "sikuogopa kitu. Leo niko nabeba vioo, hata kupiga chafya naomba ruhusa."

Njia tuliipata kwa miguu zaidi kuliko kwa macho. Ardhi iliyokanyagwa miaka mingi huwa ngumu, na chini ya majani nyayo zilitambua ugumu ule. Katika bonde la kwanza mpunga ulikuwa umejiotea wenyewe kinamasi kizima, mashuke membamba, hauna mvunaji ila ndege. Daraja la magogo lilikuwa limeanguka upande mmoja na kangaga lilikuwa limetoka katika kila ufa. Mahali fulani mchwa walikuwa wamejenga kichuguu kirefu kuliko mtu katikati kabisa ya njia.

"Unaona, Bwana Kambi?" mpagazi akaniambia. Aliniita hivyo tangu zamani. "Hawa walipata habari kwamba haturudi."

"Nani aliwapa?"

"Wewe. Ulikaa Kasongo unakula wali, wakasema, basi, huyu amekufa, tujenge."

Wengine walicheka. Mzungu alitaka mtu asimame kando ya kichuguu ili urefu wake uonekane, akamwita mpagazi. "Simama. Hapana cheka," alimwambia. Picha zile zilihitaji mtu atulie mpaka Mzungu, kichwa chake kikiwa ndani ya kitambaa cheusi, amalize kuhesabu. Mpagazi alistahimili nusu tu ya hesabu. "Ningenyamaza mwenyewe," alijitetea. "Nimecheka kwa sababu nimekatazwa." Katika picha hiyo kichuguu kimetoka vizuri sana, na kando yake kuna mtu asiye na uso.

Kila picha iliyopigwa ilinipunguzia kioo kimoja. Siku ya nne, tulipoanza kuupanda mlima wa kambi yangu, vilikuwa vimebaki vitatu. Nilijipanga: nitafika mbele ya wengine, nitautambua mti, nitateremka mtoni, nitaweka mawe, na neno nililomwambia yule mama litakuwa kweli, ingawa kwa kuchelewa.

Nilitangulia. Nilipotokea juu, nilisimama.

Kambi yote ilikuwa imeota. Vijiti vya vibanda, vijiti vya boma, nguzo za mlango, vilivyokuwa vimeshika vyote vilikuwa miti. Ilisimama kwa duara, minene kuliko paja langu, mizizi ikining'inia kutoka matawini, na kati yake mipapai iliyotokana na mbegu tulizotema sisi wenyewe. Utaratibu wangu wote ulikuwa hapo, umehifadhiwa na msitu. Nilikuwa nimemweka mke wangu hatua kumi kutoka kibanda chetu. Kibanda chetu kilikuwa kipi? Nilivijenga vyote sawa. Nilitafuta mahali palipobonyea, na palipobonyea palikuwa pengi, maana hatukuwa sisi peke yetu tulioacha mtu pale. Wale wa minyororo walipokufa hawakuchomekewa kitu.

Nilihesabu miti. Ilikuwa thelathini na mmoja.

Niliwasikia wenzangu wakipanda. Nilichagua mti mmoja uliosimama peke yake kidogo, nikateremka mtoni mbio, nikapandisha mawe mawili, moja begani, jingine kifuani. Nilipokuwa nikilizika la pili nusu yake, mpagazi alikuwa amekwisha kufika, amesimama na kreti kichwani.

"Bwana Kambi," alisema polepole, "hiyo mawe iko naloa bado."

"Nyamaza."

"Kunyamaza nitanyamaza. Lakini huu ndio mti wake?"

Nililishindilia jiwe kwa kisigino. Akatua kreti chini kwa uangalifu, akaokota majani makavu mikono miwili, akayamwaga kuzunguka mawe ili udongo uliofukuliwa usionekane. Hakunitania tena siku ile.

Mzungu aliutaka mduara mzima, akaupiga picha mara mbili. Kioo cha mwisho nilimwomba akitumie kwa mawe yangu. Alinitazama, akasema, "Nani?" Nikasema, "Mke." Akaondoa kofia yake, akakitumia.

Tuliporudi Kasongo aliniachia picha ile kwenye karatasi. Aliitengeneza uani kwangu, kioo na karatasi vikiwa vimebanwa katika fremu ya mbao na kuachwa juani, na mimi nikaketi kuangalia mti ukitokea, halafu mizizi, halafu mawe. Mawe ndiyo yaliyokuwa meupe kuliko vyote. Nilifurahi kwamba yameonekana wazi.

Nikaipeleka kwa mama mkwe. Niliiweka juu ya ungo, nikausukuma ungo ndani, nikageukia uani kama inavyotakiwa. Kwa hiyo sikuuona uso wake. Nilisikia ukili ukiwekwa chini. Nilimsikia akiinuka, akaja mlangoni nyuma yangu penye mwanga, akasimama muda mrefu.

"Mti mukubwa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Iko na majani ya kutambaa mupaka juu. Na hii mizizi. Na hapa chini, gogo, imeota kuvu yote."

"Msitu ule una unyevu mwingi."

"Mm." Mtu aliyesuka mikeka maisha yake yote huona uzi mmoja uliokosea. "Na mawe, mukwe wangu? Mbona mawe haijaota kitu?"

Nilikuwa nimepanga majibu ya maswali mengi, na hilo halikuwamo. Nilisema yote, nikiwa nimeelekea uani, huku kuku wake wakipekua takataka mbele yangu: ngoma, kijiti, neno nililomdanganya, kambi iliyoota, mti niliouchagua bila kujua. Sikuacha kitu. Nadhani hiyo ndiyo ripoti pekee ya maana niliyowahi kutoa, na ilikuwa imechelewa miaka kumi na zaidi.

Nilingoja anifukuze.

"Miti iko ngapi?" aliuliza.

"Thelathini na mmoja."

"Umehesabu?"

"Nimehesabu."

"Basi muti moja umeisha kuweka. Rudi uweke ile ingine yote. Mawe mbili, mbili. Hapo mutoto wangu hatakosa."

"Mama, chini ya mingine hakuna mtu. Na chini ya mingine kuna watu ambao hatuwajui."

"Na wao walikuwa na mama," alisema. Akarudi ndani, nikasikia ukili ukishikwa tena. Ile Idi hakuniletea mkeka.

Nilirudi kiangazi kile, nikaweka mawe kwenye miti sita, peke yangu, kwa siku mbili. Kiangazi kilichofuata niliweka kwenye mitano, mpagazi akinisaidia. Kila niliporudi nilikwenda kizingitini na kutaja hesabu tu, naye akajibu "Mm" tu. Baada ya hapo wakubwa wa kituo cha serikali walikuwa wanawachukua watu wa vijiji kwa nguvu kwa kazi zao, na asiyekuwa na ruhusa aliyekutwa milimani alifungwa kamba. Niliahirisha. Kisha nikaahirisha kwa sababu mpunga ulikuwa umeiva. Kisha yule mama akafariki, katika mwaka ambao sikwenda, na hesabu yake ikiwa kumi na miwili.

Nilimzika Kasongo. Mawe yake niliyaweka siku ile ile, kabla watu hawajaondoka makaburini.

Nilipanda tena mara moja tu. Ugumu wa njia chini ya nyayo ulikuwa umeanza kulainika, mizizi ilikuwa imeupasua, na mara mbili nilipotea. Matawi ya ule mduara yalikuwa yamekutana juu. Nilitafuta mawe yale mawili ya kwanza, nikayapata kwa kupapasa. Yalikuwa na kuvu ya kijani pande zote, nene, laini. Mtu yeyote ambaye angeyaona angeamini kwamba yapo pale tangu siku ya mazishi. Nilitoa kisu nikaanza kuyakwangua, sijui kwa nini. Nilipolimaliza moja nikaacha. Nikateremka mtoni kutafuta mawe ya mti wa kumi na tatu.