Ukulele Ulionukia Samli

Ukulele wangu wa kwanza ulinukia samli na moshi. Ukiuinamia na kuweka pua kwenye tundu lililo katikati ya kifua chake, harufu iliyokupokea haikuwa ya mbao wala ya gundi, bali ya chombo cha maziwa kilichofukizwa asubuhi kikasubiri maziwa ya jioni: makaa ya mti wa porini, mafuta yaliyokolea, na kwa mbali uchachu wa maziwa mala. Kwa asiyeufahamu, ukulele ni gitaa dogo la nyuzi nne, dogo kiasi kwamba linaweza kulala juu ya mapaja ya mtoto kama paka. Tangu wakati ule nimeshika ala nyingine kadhaa, zote safi, na zote zikinukia duka zilikonunuliwa. Hakuna hata moja iliyowahi kunirudisha Isiolo.

Tuliishi katika nyumba za serikali pembeni mwa mtaa wa Wabera, mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati maziwa ya bure ya shule yalipokuwa ndiyo kwanza yanaanza kuletwa kwa lori. Baba alikuwa karani katika ofisi ya mifugo, na kila jioni alirudi na vumbi la mnadani kwenye nyusi zake. Barabara ya lami iliishia mjini hapo. Kutoka hapo kwenda kaskazini, magari yaliyotoka Ngaremara yalionekana kwanza kama wingu jekundu, kisha kama gari. Sisi tulitoka nyanda za Meru, kwa hiyo majirani wetu Waborana walituita watu wa mlima, bila ubaya, jinsi mtu anavyomtaja mwenzake kwa rangi ya shati alilovaa.

Mama alifariki katika likizo ya Desemba. Tulimzika nyumbani kwetu, mvua ikinyesha, udongo ukinata kwenye viatu vya waombolezaji hadi kila mtu akawa mrefu kuliko alivyokuwa. Sikulia. Shangazi zangu walinitazama wakati wa kutupa mchanga, wakatazamana wao kwa wao, na baadaye nikamsikia mmoja jikoni akisema, "Huyu mtoto ana moyo gani?" Mguu ukiukalia kwa muda mrefu hufa ganzi. Unaugusa kwa mkono, unajua ni wako, lakini kuguswa kwenyewe hukusikii. Ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima. Tuliporudi Isiolo mwezi Januari, mimi na Baba tulikula, tukafua, tukalala. Yeye alisema "lete chumvi" na "funga mlango", nami nilileta chumvi na kufunga mlango.

Mwalimu Eunice, aliyetufundisha nyimbo darasa la tano, alikuwa ameachiwa ukulele mmoja na mgeni mmoja aliyerudi kwao. Aliutoa kwenye mfuko wa kitambaa siku moja mwanzoni mwa muhula, akapiga mara moja tu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilikitaka kitu. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Nilikitaka kama mtu anavyotaka maji. Mwalimu aliona, au labda alikuwa amesikia habari za nyumbani kwetu, kwani aliniita baada ya kipindi.

"Chukua," akasema. "Siku ya wazazi, mwisho wa muhula, darasa litaimba wimbo mmoja na wewe utapiga. Ukiweza, utabaki nao. Ukishindwa nitampa Esta, maana ameniomba mapema kuliko wewe na sauti anayo."

Esta alikuwa msichana wa Kiturkana aliyeketi nyuma yangu, mwenye sauti iliyopita kwenye dirisha ikafika uwanjani. Aliniinamia sikioni. "Utunze vizuri ukulele wangu," akasema.

Wiki za kwanza Mwalimu Eunice mwenyewe ndiye aliyelinganisha sauti za nyuzi kila asubuhi, nami nilijifunza kubana tu. Vidole vyangu vya mkono wa kushoto viliuma, vikavimba, vikaota ngozi ngumu, na maumivu hayo sikuyachukia. Angalau yalikuwa habari kutoka upande fulani wa mwili wangu. Tatizo lilikuwa hewa. Kiangazi cha Isiolo hukausha midomo, milango na kwato za mbuzi, na ala ile iliyotengenezwa kwenye nchi zenye unyevu ilianza kufunguka ubavuni, ufa mwembamba kama unywele.

Baba alikuwa amemwomba jirani yetu, Mama Halima, anitazame kila nitokapo shule. Aliuona ufa huo kabla yangu. Alikuwa ameketi uani akitayarisha vyombo vyake vya maziwa, kila kimoja akikipaka mafuta na kukitia kijinga chenye moto, akikitikisa hadi moshi ukashika ndani.

"Hii kitu yako imekauka, intala," akaniambia, yaani binti. "Nyinyi watu wa mlima mnaleta chombo ya mti huku halafu hamwekei mafuta. Itapasuka. Mama yako hakukuambia?" Kisha akakumbuka. Akaupokea ukulele mikononi mwangu taratibu zaidi.

Aliupaka samli kifuani na mgongoni, akaingiza vidole viwili kwenye tundu na kupaka ndani, akapanda shingoni, akamalizia kwenye vigingi vinne vya mti vinavyokaza nyuzi, kila kigingi akikizungusha ili mafuta yaingie vizuri. Kisha akauinamisha juu ya makaa mpaka moshi ukatoka tundu lile kama pumzi. Mtu yeyote wa mtaa ule angefanya vivyo hivyo. Kilikuwa chombo cha mti chenye tumbo na mdomo, na vyombo vya namna hiyo vilitunzwa kwa njia moja. Mimi nilisimama nikitazama, nikaona kwamba mtu ameshughulika na kitu changu, na ufa kweli ulifumba.

Wiki hiyohiyo Mwalimu Eunice aliniambia nimekua, sasa nilinganishe mwenyewe. Alinifundisha kwa sauti tulizokuwa tukiziimba ubaoni: so, do, mi, la. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba yetu nikaanza. Nikapata so, nikapata do, nikapata mi, na nilipofika la nikakuta so imeshuka. Nikarudi kwa so. Do ikashuka. Nilizunguka hivyo, jioni baada ya jioni, kama mtu anayefukuza mbuzi wanne katika boma lisilo na mlango. Mbele ya mwalimu ilikuwa aibu tupu. Yeye alikaza kwa nguvu, akapiga, ikasikika sawa, akanipa. Nilipofika katikati ya wimbo, nyuzi zilikuwa zimelegea tena.

"Ni sikio lako," akasema bila hasira. "Sikio nalo hufundishwa. Na ukaze kama mtu aliyekula chakula, sio hivyo."

Esta alikuwa na maoni yake. "Leo umeupika na nini? Unanukia harusi." Na siku nyingine, wakati wa mapumziko, alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika bilauri yake ya maziwa. "Huyo ngamia wako atakufa," akasema. "Mchinjeni tu, tule."

Watoto walicheka. Nilijua walitarajia nilie, au nimrushie kitu. Sikuhisi hasira. Nilihisi uchovu mzito, na wazo moja lililonijia polepole, lililonitisha kuliko dhihaka yoyote: kwamba kasoro ile iliyonizuia kulia kaburini ndiyo ileile iliyonizuia kusikia so na do, kwamba ndani yangu kulikuwa na kitu kilichopaswa kuwepo na hakikuwepo. Nikauweka ukulele chini ya kitanda. Mama Halima aliponiuliza nilisema umelala.

Mwisho wa muhula ulipokaribia niliamua kuurudisha. Nilienda shuleni mapema, zamu yangu ya kufuta ubao ikiwa ndiyo sababu, na mikono yangu ilikuwa myeupe kwa chaki nilipoutoa mfukoni. Niliona si vizuri kumkabidhi Esta kitu kilicholegea. Basi nikalinganisha kwa ajili yake: so, do, mi, la. Nikarudi kwa so kwa mazoea tu. Ilikuwa bado pale.

Niligusa do. Ilikuwa pale. Nilisubiri, nikisikiliza fagio la mtu nje, kisha nikajaribu tena. Kigingi kimoja tu kilianza kurudi nyuma, na nilipokitazama nikaona ndicho ambacho mikono yangu haikukipaka weupe vya kutosha; kiling'aa, laini, kwa samli. Nikachukua kipande cha chaki. Nikakichomoa kigingi, nikakisugua hadi kikawa kikavu na kukwaruza, nikakirudisha, nikakaza. Kilishika. Nikavichukua na vile vingine kimoja kimoja. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilichohisi kilikuwa kidogo kuliko furaha, lakini nimekitegemea maisha yangu yote: nilijua kwamba si mimi. Vigingi vilikuwa vikiteleza kwa sababu vilipakwa mafuta, basi. Sikio langu lilikuwa likisikia vizuri muda wote, na lilichosikia kilikuwa kweli.

Baada ya hapo yalibaki makosa yangu mwenyewe, nayo yalikuwa mengi. Kidole cha pete kilichelewa. Mkono wa kulia ulikimbia palipopaswa kutembea. Lakini kosa lililo langu ningeweza kulirudia mpaka litoke, na nililirudia kwenye ngazi kila jioni, huku Mama Halima akisikiliza ng'ambo ya ua.

"Unaona?" aliita siku moja. "Nilisema itaongea. Ilikuwa na njaa tu."

"Ndiyo, Mama Halima."

"Lete kesho niongeze mafuta."

Nilimpelekea. Alipopaka kifuani nilivifunika vigingi kwa kiganja changu, naye hakuuliza.

Siku ya wazazi wimbo ulikuwa ule ambao Mama alizoea kuuimba akipiga pasi ya makaa. Mwalimu Eunice aliuchagua bila kujua. Baba alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, kati ya wanaume waliotoka mnadani. Nilipiga tangu mwanzo hadi mwisho, nyuzi zikashika, Esta akaimba juu yangu kwa ile sauti yake, na watu waliotujua walinitazama usoni wakisubiri. Macho yangu yalibaki makavu. Nilikuwa nikihesabu mapigo.

"Haya," Mwalimu Eunice akasema akiwa ananipa ule mfuko wa kitambaa, ambao hadi siku hiyo alikuwa akiutaka urudishwe kila Ijumaa. "Ni wako."

Esta alitema mate pembeni kwa heshima, kama wazee wa kwao wanapobariki. "Umetoroka," akasema. "Lakini ulinifuata vizuri."

Mimi na Baba tulitembea kurudi nyumbani, upepo ukitusukuma kwa nyuma. Tulipopita msikiti alisema, bila kunitazama, "Mama yako alikuwa akiuimba haraka zaidi." Lilikuwa neno lake la kwanza juu ya Mama tangu Desemba. Nikajibu kwamba wimbo ukienda haraka kidole changu cha pete hakifiki. Alifikiri. "Basi uache hivyohivyo," akasema.

Leo lami inapita Isiolo hadi mpakani, na mpwa wangu anayejifunza gitaa ana simu inayomwashia taa ya kijani kila uzi ukikaa sawa. Hajawahi kushuku sikio lake, na ninafurahi kwa ajili yake. Mimi ni mwalimu wa walimu. Chuoni kwetu tunawafundisha kumketisha mtoto aliyefiwa na kumuuliza anahisi nini, na nimelisimamia somo hilo kwa miaka mingi bila kulipinga. Baba alipofariki mwaka jana, mwenzangu kazini, mtaalamu wa ushauri, alikuja nyumbani akaketi nami. Aliniuliza kwa upole, akanipa muda. Nilitafuta kwa uaminifu ndani yangu, sikuona neno la kumpa, na nilijikuta natamani angenipa badala yake jambo gumu la kufanya kwa mikono, lenye siku ya mwisho. Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka langoni. Kisha nikarudi ndani, nikafungua bomba, nikaanza kuosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa.