Viatu Visivyokauka Matisi

Kiatu cha plastiki kilichoshinda na maji ndani kina harufu yake, kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye kibuyu. Niliijua nikiwa mtoto, miaka ya themanini, mtaa wa Matisi pale Kitale, msimu ambao mvua ilinyesha na jua likawa la kuchungulia tu. Baba alinitoa kwetu Sirisia nikakae Matisi kwa dada yake, maana shule ya huko ilisifika. Shule ilitaka viatu vyeusi vya kufunika mguu. Nilikuwa na jozi moja, na soksi jozi moja, mimi niliyekuwa nimezoea kutembea pekupeku.

Shangazi alikuwa msafi kupita kiasi. Sakafu yake nyekundu ilisuguliwa mpaka unajiona, na viatu vilibaki mlangoni. Miguu yangu ilipoanza kunuka, akaamua dawa ni sabuni: kila jioni nisugue viatu na soksi, ndani na nje. Nikasugua. Jua hakuna, ukivianika karibu na moto vinapinda, kwa hiyo asubuhi navaa vikiwa vimelowa. Jioni vinanuka zaidi, naye anasema sikusugua vizuri. Hapo ndipo niliponaswa. Nikivua, watu wanafungua madirisha. Nisipovua, napigwa kwa kuchafua sakafu. Darasani nilikunja miguu chini ya dawati nikiomba mwalimu asiniite ubaoni. Nasimiyu, tuliyeketi naye, alifunika pua kwa ukosi wa sweta. "Bana Wafula," akasema, "kama kuna mtu amekufa humo ndani, si umzike?" Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini?

Kisha akina mama wa kanisa wakaja nyumbani kwa maombi. Niliingia kuwasalimu, viatu nimevua, kama sheria ilivyotaka. Mama mmoja akainuka katikati ya wimbo akaenda kufungua mlango. Shangazi hakunitazama. Walipoondoka akasema, "Wafula, baba yako alinipa mtoto wa kusoma, sio wa kuniaibisha. Jumamosi unarudi Sirisia."

"Shangazi, nitasugua mara mbili," nikamwambia. Yaani nilijitetea kwa kitu kilekile kilichokuwa kinaniua.

Nyumbani nilipokelewa na kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya. Alinikalisha, akatazama katikati ya vidole, ngozi imekuwa nyeupe na laini kama ugali uliolowa. "Hii sio uchafu," akasema. "Hii ni maji." Alichemsha majani ya chai mpaka yakawa meusi, turungi bila sukari, akayaacha yapoe, nikaloweka miguu kwenye karai jioni baada ya jioni. Halafu alinikausha kwa kitambaa, kidole kwa kidole. Viatu alivirusha juu ya mabati vikae na jua. Ndugu zangu wakipita waliuliza ati miguu itawekwa maziwa lini. Kabla mwezi haujaisha harufu ilikuwa imekwisha. Lakini shangazi alikuwa ameshachukua mtoto mwingine wa ukoo, na darasa langu la tano likabaki Kitale; masomo yangu yakaishia hapo.

Leo nauza viatu Chwele, kibanda changu mwenyewe, sikuachiwa na mtu. Mzazi akija na mtoto wa shule namwambia wazi: nunua jozi mbili za kawaida, acha moja ya maringo. Moja ivaliwe, nyingine ikauke. Soksi zibadilishwe kila siku, mguu ukaushwe mpaka katikati ya vidole, na ngozi ikipasuka mpeleke hospitali. Wengine wananuna, wanasema mzee anataka tu kuuza. Wanune. Mjukuu wangu alienda bweni na jozi tatu, akilalamika ati sanduku ni zito. Nilimwambia alibebe. Sasa yuko kidato cha tatu, na kichwa chake ni kama changu tu. Mimi sikushindwa na hesabu wala Kiingereza. Nilishindwa na maji ndani ya kiatu, katika nyumba ambayo hakuna mtu mzima aliyeinama kutazama mguu.