Dakika Mbili Kabla ya Kuzima

Nilipomuuliza baba anataka gari la namna gani, alinijibu papo hapo: la milango miwili. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Mzee wa miaka sitini na mbili, mtu wa kanzu na baraghashia, anataka gari la vijana wa disko. Akaningoja nimalize kucheka, kisha akaeleza kwamba udereva wake wote ulikuwa wa kupakia, mara magunia kwenye lori la shirika, mara wakubwa wa shirika wanaokaa kiti cha nyuma na gazeti. Sasa anataka gari ambalo nyuma hapakaliki.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Shirika lake lilikuwa linavunjwa, naye ameshapewa mkono wa kwaheri. Mie nilikuwa na duka la vitambaa hapo Mtoni, na nilishaanza kwenda Dubai kufuata mzigo. Magari yaliyotumika kutoka Japani yalikuwa yanashushwa bandarini kila wiki, na mtu ambaye jana alikuwa na baiskeli, leo unamkuta anaosha kioo cha gari lake.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Daktari alisema baba ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda na la kulia linafuata, labda mwaka, labda chini ya hapo. Mtu aliyeendesha maisha yake yote magari ya watu alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja wa kuendesha la kwake. Najua kuna watakaouliza mwenye jicho moja alikuwa anafanya nini barabarani. Waulize tu. Nilikuwa nakaa pembeni yake, na mwendo wake mtausikia.

Na niseme ukweli mwingine. Mie na baba tulikuwa tunaishi nyumba moja bila kuzungumza. Shikamoo, marahaba, chakula kipo mezani, basi. Mama alifariki miaka kumi na mmoja nyuma, baba akiwa safarini na lori, na baba alipofika, mama ameshazikwa tangu juzi yake. Hakueleza kilichomchelewesha. Mie sikuuliza. Hasira yangu haipigi kelele, inanuna, na ikishanuna haina haraka ya kuondoka. Gari nilimnunulia kwa sababu kununua ninakujua, kuongea naye sikukujua.

Tuliyapata mawili, kwenye uwanja wa muuzaji mmoja kule Vingunguti, upepo ukivuma kutoka machinjioni mpaka unaziba pua. Yalikuwa mapacha: umbo lile lile, mwaka ule ule, taa za mbele zinafunuka ukiziwasha. Tofauti ni kwamba moja lilikuwa jeupe na kimya, na jingine jekundu, limetobolewa tundu kwenye boneti, na mlangoni limeandikwa TURBO.

Siku zile neno hilo lilikuwa limebandikwa kila mahali, kwenye kibanda cha kinyozi, kwenye baiskeli, mpaka kwenye ndala. Lakini turbo ni nini hasa? Muuzaji aliniambia, turbo ni spidi, sista. Jirani yetu akaapa kuwa ni dawa inayochanganywa na petroli. Shemeji yake akasema ni injini ya pili, ndogo, iliyofichwa. Mie jambo nisipolijua silali, kwa hiyo nikamtafuta fundi mmoja wa Gongo la Mboto, mtu wa bara aliyejifunza kazi jeshini, nikamleta Vingunguti ayafungue yote mawili mbele ya macho yangu.

Fundi yule hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniuliza kama nimewahi kuwasha jiko la mkaa. Nikamwambia ananitukana. Akasema gari jeupe ni jiko uliloliacha uani, linavuta hewa lenyewe, taratibu, kadiri ya pumzi yake. Jekundu ni jiko linalopepewa. Na anayelipepea ni nani? Ni moshi wake wenyewe. Moshi ukitoka, kabla haujafika kwenye ekzosi, unapitishwa kwenye kifeni, kifeni kinazunguka, na mzunguko huo unasukuma hewa nyingi ndani ya injini. Niliingiza kichwa chini ya boneti nikakitafuta hicho kifeni. Kimefungiwa ndani ya chuma chenye umbo la konokono, hakionekani, nikaishia kujipaka grisi ya kutosha.

Baba alikuwa amesimama nyuma yetu. Alimwomba fundi arudie ile habari ya moshi. Fundi akarudia. Baba akatikisa kichwa kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu utoto wangu. Miaka yote ile ya mafuta kwa kibali, ya foleni za siku tatu, ya Jumapili mchana gari kuonekana barabarani ni kosa, kumbe ulikuwepo uwezekano wa kutumia hata moshi. Kitu dunia nzima inakitupa, alisema, hawa wamekipa kazi. Hapo nikajua amechagua.

Tukayajaribu. Fundi alijikunja nyuma, magoti yakagusa masikio, kwa hiyo sharti la baba la kiti cha nyuma lilikuwa limetimia. Jeupe lilikuwa gari la heshima. Ukikanyaga linaitika hapo hapo, ukiachia linatulia, halina siri. Baba aliliendesha mpaka Gongo la Mboto na kurudi, akasema ni zuri, kwa sauti ile anayosifia uji.

Jekundu likawa jambo jingine. Baba alikanyaga, kimya. Nikamwangalia fundi, fundi akaniinulia kidole, ngoja. Nikasikia mluzi mwembamba mbele ya miguu yangu, halafu nikabandikwa kwenye kiti kama kalenda ukutani. Mtume! Baba alicheka peke yake mpaka tukapita Gongo la Mboto, tukapanda mlima wa Pugu gari linapiga mluzi, kule juu akageuza. Kilipoanza kile kiteremko cha kurudi, mkono wake wa kulia ukaenda kwenye ufunguo, ukazima. Gari likawa linateremka kimya, upepo tu unasikika.

Fundi alipiga kelele huko nyuma. "Mzee, washa! Washa!"

Baba akawasha, akaegesha pembeni, hajui kakosa nini. Dereva yeyote wa umri wake alikuwa anazima mteremkoni kuokoa mafuta, ndivyo walivyoponea miaka ile. Fundi alishuka, akanyoosha mgongo, akatueleza kwa upole kwamba kile kifeni kinapotoka kwenye kazi nzito kinakuwa chekundu kwa moto na bado kinazunguka, na kinachokipoza na kukilainisha ni oili inayosukumwa na injini. Ukizima ghafla, oili inasimama, inaungulia pale pale, inakuwa ukoko. Ukoko ukizidi, turbo imekufa. Dawa yake ni moja: ukifika, liache liungurume dakika mbili kabla ya kuzima. Kila siku, bila kukosa.

Baba alisema ameelewa. Aliendesha mpaka Vingunguti, akaingia getini, akasimamisha gari, na kabla hata halijatulia mkono ukazima.

Wallahi, sijawahi kumwona mtu ameaibika vile. Hakuna aliyemsema. Aliutazama mkono wake juu ya usukani, akaurudisha pajani. Mazoea yana taabu. Fundi alinivuta kando akanishauri nichukue jeupe, kwa mkono ule turbo haitafika miezi sita. Muuzaji naye, ambaye dakika tano nyuma alikuwa anasifia spidi, akaanza kulisifu jeupe. Na baba mwenyewe akashuka, akafuta kanzu yake, akasema, "Tuchukue lile lingine. Hili limenizidi."

Hapo ndipo ubishi wangu ulipopanda. Nilijua jeupe ndilo la akili. Lakini mzee huyu alikuwa na mwaka mmoja tu wa kuona barabara, na mie nimpeleke nyumbani na gari analolisifu kama uji? Nikamwambia muuzaji tunachukua jekundu. Nikamgeukia baba. "Kuendesha utaendesha wewe. Tukifika, huo mkono unanipa mie."

Ndivyo tulivyofanya. Kila siku baada ya Alasiri alinichukua dukani, tukaenda mpaka Mbagala na kurudi, tukawa nyumbani kabla ya Magharibi. Na huo mwendo! Wauza madafu wenye baiskeli walikuwa wanatupita, halafu wanageuka kututazama. Watoto wa mtaa wetu walikuwa wanatufuata kwa miguu wakiimba turbo, turbo. Baba hakujali. Tukifika nyumbani, ananipa mkono wa kulia, nami naukamata kama askari aliyekamata mwizi wa kuku, natazama saa. Dakika mbili ni ndefu ukiwa na mtu usiyezungumza naye. Mie ni mtu wa kushuka gari halijasimama, nina mahesabu, nina wateja, nina sufuria jikoni. Wiki ya kwanza nilikuwa nahesabu kwa sauti.

Mwezi wa pili, nilipotoka Dubai, alianza kuongea. Mambo madogo kwanza. Kwamba mama alikuwa anauza vitumbua karibu na daraja la Mtoni, na yeye alikuwa anasimamisha lori pale, anafungua boneti, anajifanya limeharibika. Kwamba lori liliharibika mara nyingi hivyo mpaka shirika likaleta mkaguzi. Nilicheka, dakika mbili zikaisha, nikazima, tukashuka. Kesho yake akaendelea alipoishia. Nikaanza kuwahi kufunga duka.

Mwezi wa tatu akanieleza habari ya mama. Ilichukua jioni nne, vipande vipande. Alikuwa Morogoro na lori la sukari alipopata habari kwamba mama amelazwa. Tangi lilikuwa karibu tupu, na mtu wa kutia sahihi kibali cha dizeli alikuwa amekwenda shambani kwake. Akaondoka hivyo hivyo. Kila mteremko alizima. Mafuta yakamwishia Mlandizi. Mabasi hayakuwa yakipita, nayo hayakuwa na mafuta, na wakati ule kuacha sukari ya umma barabarani ni kujipeleka jela mwenyewe. Alilala na lori lile siku tatu.

Jioni ya nne alisema, "Kuna mteremko mmoja sikuzima. Wa kushukia Ruvu. Nilikuwa na haraka."

Nilimwambia kutoka Mlandizi mpaka kwetu Mtoni ni mbali, mteremko mmoja usingemfikisha hata Kibaha. Akasema anajua. Saa yangu ilikuwa imeshapita dakika kumi, na sikuwa nimezima. Nililia palepale, mkono wake bado nimeukamata, na jirani yetu akapita akajifanya anatafuta kuku.

Gari aliliendesha miezi tisa. Siku moja alifika getini, akazima mwenyewe baada ya dakika zake, akanipa ufunguo. Akasema leo hakumwona mbuzi mpaka alipolia. Hakugusa usukani tena. Mie nikajifunza kuendesha, nikawa namzungusha yeye, amekaa pale nilipokuwa nakaa mie, na tukifika tunakaa dakika mbili zetu kama kawaida.

Biashara ilipozidi nikaona gari lile halinifai. Linakunywa petroli, na kule mjini kila nikisimama kwa mteja lazima niliache linaunguruma, watu wananishangaa. Nilisikia jeupe bado lipo, mwenye nalo anataka kuuza. Nikaenda Gongo la Mboto kumuuliza fundi kama nibadilishe. Nikamlalamikia hasa habari ya kusubiri.

Fundi alinitazama kama mtu asiyeelewa ninalalamikia nini. Akaniuliza, kusubiri kwa nini? Kusubiri ni kwa aliyekimbiza gari, aliyetoka kupanda Pugu linapiga mluzi. Mwendo wa kupitwa na wauza madafu, turbo hata haijaamka, unazima tu kama gari lolote. Nikamwambia mbona hakutueleza. Akasema alieleza. Mwezi wa kwanza alikuja nyumbani kwetu kubadilisha oili, mie nikiwa Dubai, na mzee mwenyewe ndiye aliyemuuliza. Alimjibu kama alivyonijibu mie sasa. Mzee akashukuru, akamwomba asinisumbue na habari hiyo, atanieleza mwenyewe.

Nilirudi Mtoni polepole, nikihesabu njia nzima. Vitumbua, mkaguzi wa shirika, Morogoro, Mlandizi, Ruvu. Yote yalikuja baada ya mwezi wa kwanza. Mzee aliyezima redio wakati wa matangazo ili betri zisiishe, alikuwa anachoma petroli kila jioni, kwa makusudi, mkono wake kaniachia mie.

Nilimkuta barazani, amekaa kwenye mkeka, uso ameuelekeza ulikotoka mlio wa gari. Nilikaa karibu yake. Nikamwambia nimetoka kwa fundi, na kwamba zile dakika mbili hazikuwa na haja.

"Najua," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

Akatafuta mkono wangu juu ya mkeka mpaka akaupata.

"Ningekwambia, si ungeshuka?"